UKOO WA O'BRIEN WA AYALANDI
Jinsi urithi wa ukoo mzima ulivyogeuka kuwa urithi wa mtu mmoja

Magharibi ya Uingereza kuna kisiwa cha Ayalandi, na katika upande wa magharibi wa kisiwa hicho, kandokando ya mto Shannon, ilikuwako zamani nchi iliyoitwa Thomond. Siku hizi sehemu yake kubwa ni wilaya ya Clare. Huko ndiko ulikotoka ukoo wa O'Brien, mmoja wa koo chache za Ulaya ziwezazo kutaja baba zao, mmoja baada ya mwingine, kwa muda wa miaka elfu moja. Jina lenyewe si la mabwana wakubwa peke yao. Maseremala, makarani, askari polisi na wakulima wengi wa Ayalandi na wa Marekani huitwa O'Brien. Lakini habari hii yahusu mlango ule uliokuwa na ufalme, kisha ukapewa vyeo vya Kiingereza, na zaidi yahusu swali lililoutesa mlango huo kwa karne nyingi: mkubwa akifa, ni nani amfuate?

Yafaa kwanza kueleza jina. Katika lugha ya Kiayalandi neno "O" maana yake ni mjukuu, na "Mac" maana yake ni mwana. Basi O'Brien ni mjukuu wa Brian, na Brian huyo ni Brian Boru, aliyekuwa mfalme mkuu wa Ayalandi. Kabla yake watu wa ukoo huu walikuwa kabila dogo lililoitwa Dál gCais, wala hawakuwa na sifa kubwa. Baadaye, walipokwisha kupata nguvu, wanasaba wao waliwatungia mababu wa kifalme wa zamani sana, ili waonekane kuwa sawa na wafalme waliowashinda. Wanachuoni wa siku hizi hawaisadiki sehemu hiyo ya nasaba. Tangu Brian na kuendelea ndipo mtu aweza kutembea katika njia iliyo imara.

Ndugu yake Brian, jina lake Mathgamain, aliuawa mwaka 976, na Brian akashika mahali pake. Alipigana na wafalme wenzake na pia na Wavikingi, yaani watu wa merikebu waliotoka nchi za kaskazini na kujenga miji katika pwani za Ayalandi. Mwaka 1002 alikubaliwa kuwa mfalme mkuu wa kisiwa. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 23 Aprili 1014, jeshi lake lilishinda vita huko Clontarf, karibu na Dublin, lakini yeye mwenyewe, mzee wa miaka sabini na zaidi, aliuawa siku ile ile. Mwanawe Murchad aliuawa pia, na mjukuu wake Toirdelbach akafa vilevile. Hivyo kwa siku moja vizazi vitatu viliondoka.

Waliobaki ni wana wawili, Tadc na Donnchad. Mwaka 1023 Tadc aliuawa, na ndugu yake ndiye aliyefanya shauri hilo. Donnchad akatawala miaka arobaini, lakini mwishowe mwana wa Tadc, aliyeitwa Toirdelbach kama yule kijana wa Clontarf, akamwondoa katika enzi. Mzee Donnchad akaenda Roma kama haji, akafa huko mwaka 1064. Wakubwa wa O'Brien waliofuata baadaye ni wazao wa Tadc, yule aliyeuawa.

Msomaji asidhani kwamba mambo hayo yalitokea kwa sababu watu wale hawakuwa na sheria. Sheria walikuwa nayo, tena yenye maelezo mengi, na walikuwako mahakimu wa kuzaliwa nayo, watu wa ukoo wa MacClancy, ambao walirithishana kazi hiyo baba kwa mwana. Sheria ya kale ya Ayalandi haikusema kwamba mwana wa kwanza ndiye mrithi wa enzi. Ilisema kwamba kila mwanamume aliyetokana na babu mmoja, mpaka kizazi cha nne, aweza kuchaguliwa, na ukoo humchagua aliye mzima wa mwili, mwenye umri, akili na wafuasi. Mara nyingi mrithi alichaguliwa wakati mkubwa yungali hai, na aliitwa tánaiste, yaani wa pili. Neno hilo halijafa: katika Serikali ya Ayalandi ya leo, makamu wa Waziri Mkuu huitwa Tánaiste. Siku ya kutawazwa, mkubwa mpya wa O'Brien alikwenda kwenye kilima cha Magh Adhair, mbele ya watu wote.

Desturi hii ilikuwa na faida yake. Mtoto mchanga hakuweza kuwa mkubwa wa nchi, wala mpumbavu hakushika enzi kwa sababu tu ya kuzaliwa mbele. Lakini hasara yake ilionekana kila mara mkubwa alipofariki, kwa maana ndugu, wana na wana wa ndugu waliweza kusimama pamoja, kila mmoja akisema kwamba ndiye anayefaa. Ardhi nayo haikuwa mali ya mkubwa. Alikuwa na mashamba ya kiti, ambayo yalimwendea atakayemfuata katika enzi, wala si watoto wake. Nchi iliyobaki ilikuwa ya milango mbalimbali ya ukoo.

Kwa hiyo nasaba haikuwa mchezo wa wazee. Ilikuwa ndiyo hati ya shamba na ndiyo haki ya kuchaguliwa. Malenga wa O'Brien, watu wa ukoo wa MacBrody, walipewa ardhi ili waihifadhi kwa kichwa na kwa kitabu. Mtu ambaye malenga hawakumtaja hakuwa na pa kusimama.

Mambo yakaendelea hivyo hata baada ya Wanormani kuingia Ayalandi mwaka 1169. Bwana mmoja wa Kinormani, Richard de Clare, alijaribu kuishika nchi ya Thomond yote, akauawa katika vita vya Dysert O'Dea mwaka 1318, na O'Brien wakabaki na nchi yao kwa miaka mingine zaidi ya mia mbili.

Badiliko kubwa lilikuja katika wakati wa Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza. Mwaka 1541 alitangazwa kuwa Mfalme wa Ayalandi, na washauri wake wakatafuta njia ya kuwatiisha wakubwa wa kule pasipo gharama ya vita. Njia yenyewe ilikuwa hii: mkubwa wa ukoo aisalimishe nchi yake kwa Mfalme, aache jina lake la kienyeji, kisha Mfalme amrudishie nchi ile ile kwa hati yenye muhuri, pamoja na cheo cha Kiingereza.

Wakati huo mkubwa wa Thomond alikuwa Murrough O'Brien. Alikuwa amemfuata ndugu yake Conor, aliyefariki mwaka 1539, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa tánaiste. Mwana wa Conor, jina lake Donough, aliachwa kando. Kwa sheria ya Ayalandi jambo hilo lilikuwa sawa kabisa; kwa sheria ya Uingereza Donough alikuwa amenyang'anywa urithi wa baba yake. Murrough na Donough walisafiri pamoja mpaka Greenwich, karibu na London, na tarehe 1 Julai 1543 Mfalme akawapa vyeo. Murrough akawa Earl wa Thomond, lakini kwa maisha yake tu. Akifa, cheo kimwendee Donough. Wana wa Murrough wasikose kitu, yeye akapewa pia cheo cha pili, Baron wa Inchiquin, kiwe cha uzao wake wa kiume. Kwa siku hiyo moja ukoo ukakatwa matawi mawili yanayojulikana mpaka leo. Shauri lilikuwa la werevu, na lilimridhisha kila mtu aliyekuwapo chumbani. Wasioridhika ni wale waliobaki nyumbani, maana katika hati ile wao hawakuwamo.

Matokeo hayakukawia. Murrough alifariki mwaka 1551, na Donough akawa Earl. Mwaka uliofuata alipata hati mpya iliyosema kwamba cheo kitafuata wanawe wa kiume, mkubwa mbele. Ndugu yake Donnell, ambaye kwa desturi ya zamani angetazamia kuchaguliwa, aliona kwamba amefungiwa mlango daima, yeye na watoto wake. Donough alishambuliwa na ndugu zake mwenyewe, akafa mwaka 1553. Donnell akatawazwa kuwa O'Brien kwa kanuni ya mababu, huku Conor, mwana wa Donough, akidai kuwa Earl kwa hati ya Mfalme. Kwa miaka mitano nchi moja ilikuwa na wakubwa wawili, kila mmoja wa haki kwa sheria yake. Mwaka 1558 Earl wa Sussex, aliyekuwa gavana wa Kiingereza, alifika na jeshi, akamfukuza Donnell, akamweka Conor. Shauri la sheria likaamuliwa kwa mizinga.

Miaka hamsini baadaye mahakama ya Dublin ilikata neno. Katika kesi ya mwaka 1608, ambayo ilihusu ardhi ya ukoo mwingine katika wilaya ya Cork, majaji walisema kwamba desturi ya tánaiste ni batili. Tangu hapo mwana mkubwa wa kiume alirithi kila mahali, na watu wadogo wa ukoo, waliokuwa na sehemu katika nchi, wakajikuta wapangaji wa jamaa yao.

Tawi la Thomond lilidumu mpaka mwaka 1741, Earl wa nane alipofariki bila mtoto. Cheo kingeweza kuwafikia jamaa zake wa mlango wa Clare, lakini hao walikuwa wamemfuata Mfalme James wa Pili aliyeshindwa, wakahukumiwa kuwa wahaini mwaka 1691 na kukimbilia Ufaransa. Mmoja wao, Charles O'Brien, aliongoza kikosi cha Waayalandi upande wa Wafaransa katika vita vya Fontenoy mwaka 1745, na baadaye akawa Jemadari Mkuu wa Ufaransa. Alijiita Earl wa Thomond mpaka kufa kwake, ingawa hakuwa na hata shamba moja huko.

Tawi la Inchiquin nalo lilikuwa na mashujaa na wabaya wake. Murrough, Baron wa sita, aliyeishi toka 1614 hata 1674, huitwa mpaka leo Murrough wa Mioto, kwa sababu ya mji wa Cashel aliouteketeza mwaka 1647, watu wakauawa ndani ya kanisa. Cashel hiyo ndiyo baba zake waliyoitoa kuwa mali ya Kanisa mwaka 1101.

Lakini aliyeokoa jina la ukoo hakuwa mwenye cheo, tena hakuwa mwanamume. Katika ngome ya Leamaneh waliishi wazao wa mmoja wa wana wadogo wa yule Murrough wa mwaka 1543. Conor O'Brien wa Leamaneh aliuawa mwaka 1651 akipigana na majeshi ya Cromwell, na mali za waliopigana hivyo zilikuwa zikitwaliwa. Mjane wake, Máire Rua, yaani Maria Mwekundu, kwa ajili ya nywele zake, aliolewa mwaka 1653 na John Cooper, ofisa wa jeshi lile lile lililomuua mumewe. Watu wa Clare husimulia kwamba alikwenda mwenyewe Limerick, kumwambia jemadari wa Cromwell kuwa yu tayari kuolewa na ofisa yeyote watakayempa. Pengine hadithi imetiwa chumvi. Ndoa yenyewe ni kweli, na matokeo yake ni kweli: mwanawe Donough alibaki na ardhi, akapewa cheo cha Baronet mwaka 1686, na kufa akiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Ayalandi. Wazao wake walihamia Dromoland.

Thamani ya jambo hilo ilionekana baada ya miaka mia mbili. Mkubwa wa tawi la Inchiquin, ambaye tangu 1800 alikuwa ameongezewa cheo cha Marquess wa Thomond, alifariki mwaka 1855 bila mrithi wa kiume. Vyeo vilivyotolewa baadaye vikafa pamoja naye. Lakini kile cha mwaka 1543, Baron wa Inchiquin, kilikuwa cha uzao wote wa kiume wa Murrough, hivyo ikabidi kupanda juu ya mti wa nasaba vizazi vingi, kisha kushuka kwa tawi jingine. Tawi hilo lilikuwa la Dromoland. Sir Lucius O'Brien hakuwa na malenga wa kumsemea. Alipeleka hati zake mbele ya Baraza la Malodi huko London, na mwaka 1862 madai yake yakakubaliwa.

Ndugu yake Lucius, William Smith O'Brien, alikuwa mtu wa namna nyingine. Alikuwa mjumbe wa Bunge, akaona jinsi serikali ilivyoshughulikia njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, na mwaka 1848 akawaongoza watu wachache kuasi huko Ballingarry. Alihukumiwa kunyongwa, adhabu ikabadilishwa, akahamishwa mpaka kisiwa cha Tasmania. Aliachiliwa mwaka 1854. Sanamu yake imesimama katika barabara kuu ya Dublin, ambapo ndugu yake mwenye cheo hana sanamu.

Ayalandi ilipokuwa jamhuri mwaka 1949, vyeo vya namna hii havikuwa tena na nguvu yoyote katika nchi hiyo. Jumba la Dromoland liliuzwa mwaka 1962 kwa Mmarekani mmoja, likafanywa hoteli. Cheo cha Baron kiliendelea: mwaka 1968 kilitoka kwa ndugu kwenda kwa ndugu yake, na mwaka 1982 kikatoka kwa ami kwenda kwa mwana wa ndugu, karibu kama zamani za Magh Adhair, ila sasa hakuna aliyechaguliwa. Kwa muda wa miaka mingi ofisi ya nasaba ya Serikali ya Ayalandi iliwatambua wakubwa wa koo za kale, O'Brien akiwamo. Kisha mwaka 1999 ikagunduliwa kwamba mtu mmoja wa Belfast, aliyetambuliwa kuwa mkubwa wa ukoo wa MacCarthy, alikuwa ametunga nasaba ya uongo. Mwaka 2003 Serikali iliacha kazi hiyo ya kutambua wakubwa, na koo zikaachiwa mambo yao wenyewe.