Usuli wa Kitaaluma wa Washauri Elekezi wa Misaada ya Kibinadamu: Kutoka Biafra hadi Kivu ya Kaskazini

Utangulizi

Mshauri elekezi katika uwanja wa misaada ya kibinadamu ni mtaalamu anayeajiriwa kwa muda mfupi, aghalabu wiki kadhaa au miezi michache, ili atoe uamuzi wa kitaalamu juu ya jambo ambalo shirika linalomwajiri haliwezi au halitaki kuliamua peke yake. Huenda akatakiwa kukadiria mahitaji baada ya tetemeko la ardhi, kusanifu mfumo wa maji wa kambi ya wakimbizi, kufundisha watumishi wa afya, au kutathmini iwapo fedha za wafadhili zilitumika ipasavyo. Udaktari una baraza lake la usajili na uwakili una chama chake. Kazi hii haina mlango mmoja wa kuingilia. Kinachomfanya mtu aitwe mshauri ni wasifu wake, na wasifu huo huuandika mwenyewe.

Makala haya yanaeleza walikotoka washauri hao kitaaluma tangu miaka ya mwisho ya 1960, na athari ya asili hiyo katika kazi yao. Hoja inayojengwa ni kwamba taaluma ya awali ya mshauri ndiyo inayoamua, kwa kiasi kikubwa, kile anachokiona kuwa tatizo. Mhandisi huona uhaba wa maji, mganga huona ugonjwa, mwanajeshi mstaafu huona barabara na maghala. Kila mmoja huwa sahihi kwa sehemu yake, lakini katika dharura sehemu iliyoachwa ndiyo huua.

Madaktari, wahandisi na maofisa wa ugavi

Vita vya Biafra (1967–1970) huchukuliwa na wengi kuwa chimbuko la kizazi cha kwanza. Kabla yake misaada ilikuwa kwa kiasi kikubwa kazi ya wamisionari, maofisa wa serikali za kikoloni na wanajeshi. Biafra ilileta makundi mawili mapya. La kwanza lilikuwa la wataalamu wa epidemiolojia kutoka Marekani, ambao walizoea kuhesabu wagonjwa wa ndui na sasa wakaanza kuhesabu watoto wenye utapiamlo kwa kutumia sampuli. Katika vita hivyo ndipo lilipoenea jaribio la kupima mzingo wa mkono wa mtoto na kuulinganisha na kimo chake kwa fimbo maalumu iliyotumiwa na Waquaker. Kipimo hicho hakikuhitaji mizani wala daktari; aliyefundishwa kwa siku chache aliweza kukitumia. Kundi la pili lilikuwa la madaktari vijana wa Ufaransa, ambao baadhi yao, pamoja na waandishi wa habari, walianzisha shirika la Médecins Sans Frontières mwaka 1971.

Wahandisi waliingia kwa njia nyingine. Mmarekani Fred Cuny, aliyefahamika kwa uhandisi na mipango miji, alifika Biafra mwaka 1969 na mwaka 1971 akaanzisha kampuni yake ya ushauri, Intertect, mjini Dallas. Kampuni hiyo ni miongoni mwa mifano ya mwanzo ya ushauri wa maafa kama biashara inayojitegemea. Baada ya tetemeko la Guatemala la Februari 1976, lililoua watu wapatao 23,000, Cuny alishiriki katika mpango ambao haukujengea watu nyumba. Mpango huo uliwauzia mabati kwa bei nafuu na kuwafundisha mafundi wa vijijini namna ya kuimarisha kuta za udongo. Uamuzi huo haukuwa wa uhandisi mtupu, kwani ulitokana na kutambua kwamba walionusurika wangejenga wenyewe kwa vyovyote vile, na kwamba kilichobaki kuamuliwa ni kama wangejenga vizuri zaidi. Kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu maafa na maendeleo kiliieneza hoja hiyo. Alitoweka Chechnya mwaka 1995 akiwa kazini.

Nchini Uingereza, mhandisi Peter Guthrie alianzisha mwaka 1980 rejista ya wahandisi walio tayari kutumwa kwenye maafa, iliyojulikana kama RedR, baada ya kufanya kazi na wakimbizi wa Vietnam waliofika Malaysia kwa mashua. Wazo lilikuwa rahisi: mhandisi abaki katika ajira yake ya kawaida, kisha mwajiri amruhusu kwa miezi michache anapohitajika. Kwa upande wa ugavi, wengi walitoka jeshini. Walijua kupanga misafara ya malori, kusoma ramani na kuendesha redio. Mapungufu yao yalijitokeza pale ambapo mpokeaji wa mzigo hakuwa askari anayetii amri.

Mafunzo rasmi yalifuata baadaye. Taasisi ya Bioforce ilianzishwa Lyon mwaka 1983, na kozi ya afya katika dharura zinazokumba watu wengi ikaanza Geneva mwaka 1986 kwa ushirikiano wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na wadau wengine. Shahada za uzamili za misaada ya kibinadamu zilienea Ulaya katika miaka ya 1990. Hapo ndipo alipozaliwa mshauri wa aina mpya, ambaye taaluma yake ya kwanza ni misaada yenyewe.

Ngara na Goma, 1994

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, umati wa Wanyarwanda uliokadiriwa wakati ule kufikia watu 250,000 ulivuka daraja la Rusumo na kuingia wilaya ya Ngara, Tanzania. Waliwekwa Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kiitalia ya ujenzi wa barabara iliyowahi kupiga kambi hapo na kuacha bwawa. Umati huo ulikuwa mkubwa kupita kiasi, lakini vifo havikufikia kiwango kilichohofiwa. Zipo sababu kadhaa. Bwawa lilikuwapo, na wakimbizi wengi walifika wakiwa na nguvu zao. Zaidi ya hayo, watu wa misaada walikuwa tayari wamezoea eneo hilo, kwa kuwa wakimbizi wa Burundi walikuwa wameingia magharibi mwa Tanzania tangu Oktoba 1993. Hawakuhitaji kuulizia njia.

Miezi miwili na nusu hivi baadaye, kati ya tarehe 14 na 18 Julai, watu waliokadiriwa kuwa kati ya 500,000 na 800,000 waliingia Goma, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Ardhi ya huko ni miamba ya volkano. Vyoo vya shimo havikuchimbika, makaburi pia, na maji ya karibu yalikuwa ya Ziwa Kivu. Kipindupindu kilithibitishwa baada ya siku chache. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000.

Maelezo ya kawaida ya msiba huo hutaja miamba, maji na wingi wa watu. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi, na sehemu inayokosekana ndiyo inayohusu mada hii moja kwa moja. Siku chache baada ya mlipuko, timu ya kituo cha utafiti wa magonjwa ya kuhara cha Dhaka, Bangladesh, ilifika Goma na kukaa wiki mbili. Wajumbe wake walichapisha matokeo yao mwaka 1995 katika jarida la kitabibu la Lancet. Walieleza kwamba hata katika vituo vya muda vyenye vifaa bora zaidi, uwiano wa waliokufa kwa waliolazwa ulikuwa mkubwa kuliko walivyotarajia. Walitaja sababu: wagonjwa walirudishiwa maji mwilini polepole mno, maji ya chumvi na sukari ya kunywa hayakutumiwa vya kutosha, dripu zilizotundikwa hazikuwa za aina inayofaa, na watumishi wa afya hawakuwa na uzoefu wa kutosha wa kipindupindu kikali.

Uzito wa matokeo hayo uko katika sababu ya mwisho. Waliokuwa Goma hawakuwa watu wasiosoma. Walikuwamo madaktari wenye shahada kutoka vyuo vinavyoheshimika, lakini kipindupindu kilikuwa kimekwisha kutoweka katika nchi nyingi walikofundishwa. Wataalamu wa Dhaka walikutana na ugonjwa huo kila mwaka. Tiba yenyewe ilikuwa imestawi katika ukanda wao: mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India, daktari Dilip Mahalanabis alikosa dripu za kutosha akawapa wagonjwa maji ya chumvi na sukari ya kunywa, na vifo vikapungua kutoka takriban asilimia 30 hadi asilimia 3.6. Ujuzi uliohitajika Goma ulikuwapo duniani kwa zaidi ya miaka 20, ila wenye nao hawakuwa katika orodha ya wanaoitwa kwanza. Msomaji anayeuliza kwa nini suala la wasifu wa washauri listahili utafiti anaweza kuanzia hapo.

Tathmini ya Pamoja ya mwaka 1996

Tathmini ya pamoja ya msaada wa dharura kwa Rwanda, iliyoanzishwa na Denmark na kuchapishwa Machi 1996, ilikuwa pia tukio katika historia ya fani hii. Juzuu yake ya kihistoria iliandikwa na wanataaluma wa masuala ya Afrika kutoka Sweden. Ile ya tahadhari za mapema iliongozwa na Howard Adelman, profesa wa falsafa kutoka Toronto, na Astri Suhrke, mwanazuoni wa siasa kutoka Bergen. Ile ya misaada yenyewe iliongozwa na John Borton wa taasisi ya ODI, London. Haikuwa kawaida kwa mwanafalsafa kuajiriwa kutathmini maafa. Huenda ndiyo sababu tathmini hiyo iliweza kusema wazi jambo ambalo mhandisi wa maji asingetumwa kulisema: kwamba misaada ilitumiwa kufunika pengo la hatua za kisiasa ambazo mataifa hayakuchukua.

Matokeo yake ya kiutendaji yanafahamika. Mwaka 1997 ulianzishwa mradi wa Sphere wa viwango vya chini, vikiwemo lita 15 za maji kwa mtu kwa siku na choo kimoja kwa watu 20. Mwaka huohuo ukaanzishwa mtandao wa ALNAP wa kujifunza na kuwajibika. Viwango hivyo viliwapa washauri lugha ya pamoja. Hata hivyo, vilirahisisha pia kazi ya mshauri asiyejua mahali: ukiwa na kitabu cha viwango na karatasi ya kuhesabia, ripoti hukamilika bila kuuliza kwa nini kina mama hawaendi kwenye vyoo vilivyokwisha kuhesabiwa.

Lugha na anthropolojia: Kivu ya Kaskazini, 2018–2020

Wanaanthropolojia walikuwa wakisikilizwa kwa nadra hadi mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi (2014–2016), ulipodhihirika mgongano kati ya mazishi salama na desturi za kuaga wafu. Katika mlipuko wa Kivu ya Kaskazini na Ituri, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 baada ya vifo 2,287, timu za sayansi za jamii ziliingizwa katika uratibu mapema zaidi. Hilo halikuzuia vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo kushambuliwa Februari 2019. Desemba 2018 upigaji kura katika Beni na Butembo ulikuwa umeahirishwa, na Ebola ilitajwa kuwa miongoni mwa sababu. Tangu hapo mgonjwa aliyeitwa kituoni alikuwa pia mpiga kura aliyenyimwa kura. Hilo halikuwa suala la mila, ingawa ripoti kadhaa zililiita hivyo.

Suala la lugha lilikuwa la ndani zaidi. Watu wengi wa Beni na Butembo huzungumza Kinande nyumbani, na Kiswahili chao cha mawasiliano ni cha Kongo, chenye maneno mengi ya Kifaransa na sarufi inayotofautiana na ya Kiswahili sanifu. Bango lililotungwa kwa usanifu wa Dar es Salaam au Nairobi liliweza kusomeka pasipo kueleweka. Katika hadidu za rejea za kazi kama hizo, Kiingereza na Kifaransa aghalabu huwekwa kuwa sharti, huku Kiswahili kikitajwa kuwa sifa ya ziada. Mpangilio huo humpa nafasi mtu anayeweza kuiandika ripoti na kumkosesha anayeweza kuisikia habari.

Nani huitwa mshauri

Katika Ngara, Kasulu na Kibondo wapo watumishi walioanza kazi mwaka 1993 au 1994 wakipima mgao wa unga, wakitafsiri, au wakisimamia mabomba ya maji, na ambao wameshuhudia wimbi baada ya wimbi la wakimbizi kutoka Rwanda, Burundi na Kongo. Kambi ya Nyarugusu pekee imekuwapo tangu 1996. Uzoefu wa aina hiyo ni wa nadra duniani. Hata hivyo, mgeni wa wiki tatu anapofika, yeye ndiye mshauri na mtumishi huyo ndiye mtoa taarifa. Tofauti hiyo si ya heshima tu, kwa kuwa hadidu za rejea hudai shahada ya uzamili, miaka kumi ya kazi za kimataifa na sampuli za ripoti zilizoandikwa awali, na kazi iliyofanyika ndani ya nchi moja haihesabiwi kuwa ya kimataifa hata kama wakimbizi waliohudumiwa walitoka mataifa matatu.

Makubaliano ya wafadhili na mashirika yaliyofikiwa Istanbul mwaka 2016 yaliweka lengo la kupeleka asilimia 25 ya fedha kwa watendaji wa ndani ifikapo 2020, lakini hayakugusa kwa uzito uleule namna ya kuwachagua wanaotathmini. Kusitishwa kwa safari za ndege mwaka 2020 kulilazimisha jaribio ambalo hakuna aliyelipanga: mashirika mengi yaliwatumia wataalamu waliokuwa tayari nchini kukusanya taarifa, huku kiongozi wa timu akibaki Ulaya mbele ya kompyuta. Ripoti za kipindi hicho ni hazina kwa mtafiti anayetaka kulinganisha. Kurasa za kuangaliwa kwanza ni viambatisho: jina la kiongozi huandamana na shahada zake na nchi alizofanyia kazi, ilhali jina la aliyefanya mahojiano, akatafsiri majibu na kueleza maana yake, mara nyingi huwa peke yake, bila kutajwa taaluma yoyote.