Sekunde Makumi Ine za Kupanda Kilima

Kila mutu anayekaa kando ya barabara kubwa amekwisha kuona jambo hili. Siku ya posho jioni, vijana wawili juu ya pikipiki, ao mashofere wawili wa taksi, wanaanza kushindana. Hakuna aliyewatuma, hakuna zawadi. Kila mumoja anataka tu kujua: nani mwepesi, mimi ao wewe? Watoto wanakimbia, wamama wenye mabeseni kichwani wanaruka mufereji. Mara nyingi inaisha kwa kicheko. Mara ingine inaisha hospitali.

Hamu ya kujua nguvu zako si mbaya yenyewe. Nani hakuwa nayo alipokuwa kijana? Shida ni mahali unapoipeleka. Leo nataka kuwaeleza habari ya watu wa inchi ingine, wanaopenda mwendo kama vijana wetu, na ginsi walivyoupatia mwendo ule mahali pake.

Njia ya shamba

Katika Uingereza, upande wa magaribi, jimbo la Worcestershire, kuna kijiji kidogo kinachoitwa Shelsley Walsh, karibu na muto Teme. Pale kuna njia moja nyembamba inayopanda kilima katikati ya miti. Urefu wake ni yadi 1,000, ndiyo kusema metre 914. Tangu chini mupaka juu inainuka metre 100. Ukiiona siku ya kazi hautaisifu hata kidogo. Utasema: hii ni njia ya shamba. Na kwa kweli ilikuwa hivyo.

Tarehe 12 Agosti 1905, chama kimoja cha wenye motokari, Midland Automobile Club, kilifanya mashindano ya kwanza pale. Wakati ule motokari ilikuwa kitu kigeni, na mulima ulikuwa muzani wake. Motokari ngapi zilifika nusu ya mulima, zikakohoa, watu wakashuka kusukuma! Siku ile Ernest Instone, mwenye motokari ya Daimler, alipanda kwa sekunde 77.6 na kuwashinda wote. Ni kama kilomita 42 kwa saa. Leo motokari zenye nguvu kupita zote zimekwisha kupanda njia ileile kwa sekunde zisizofika 23, ndiyo kusema zaidi ya kilomita 140 kwa saa, na zinaanza zikiwa zimesimama!

Lakini namna gani njia ndogo kama hii inatumika mupaka leo, zaidi ya miaka mia moja, isipokuwa wakati wa vita vikubwa? Zamani katika Uingereza walikuwa wanashindana juu ya vilima vingi, na katika barabara za watu wote. Mwaka 1925, juu ya Kop Hill katika jimbo la Buckinghamshire, motokari moja iliacha njia na mutazamaji mumoja akavunjika muguu. Chama kikubwa cha motokari, ambacho kilikuwa kinatoa ruhusa za mashindano, kikasema: basi, yatosha. Tangu sasa hakuna ruhusa tena ya kushindana katika barabara ya watu wote. Vilima vingi vikanyamaza. Shelsley Walsh ikaendelea, sababu njia yake ilikuwa ndani ya shamba, si barabara ya wapita-njia. Muguu wa mutu mumoja uliwafundisha kwamba mbio ziko na mahali pake.

Siku ya posho: kukaguliwa

Washindani walio wengi pale si watu wa kulipwa. Ni mafundi, walimu, wakulima, watu wa biro. Tuwaze mumoja wao: fundi wa umeme, ana muke na watoto wawili. Motokari yake ni ndogo, ileile inayomupeleka kazini. Ndiyo, kuna namna ya mashindano kwa ajili ya motokari kama hizo. Wanazigawanya kwa vikundi kufuatana na ukubwa wa moteri na namna zilivyotengenezwa, ili kidogo kishindane na kidogo, si sungura na tembo.

Kazi tano jioni anapakia vyombo vyake, mipira ya akiba na chupa ya chai. Siku ya posho asubuhi anafika, na jambo la kwanza si kukimbia. Ni kukaguliwa. Mukaguzi anainama chini ya motokari. Anatazama freni, volani, mikaba ya kiti, namna batri ilivyofungwa. Anakanyaga pedali ya mwendo na kuiachilia: je, inarudi juu yenyewe? Anashika kaske mukononi, anaigeuza, anatazama alama yake. Anataka kuona nguo zisizoshika moto upesi. Kitu kimoja kikikosa, hata kama mutu ametoka kilomita mia mbili, hapandi. Na hakuna kusema, «Bwana mukubwa, tuelewane.»

Watu wa mugodi wanaelewa jambo hili vizuri. Anayeshuka chini anajua sababu gani wanatazama kaske na taa yake mulangoni. Si kumusumbua. Ni kusudi arudi kwake.

Kiisha anapanda kilima kwa miguu. Hata wazee waliopanda pale miaka makumi mbili wanafanya hivyo. Anatazama mahali njia inapogeuka, mahali maji ya mvua yamepita, mahali kivuli cha miti kinaacha unyevu. Anaweka alama ndani ya kichwa chake: hapa nakanyaga freni, hapa naachilia.

Mahali pa kuegesha utaona jambo la kushangaza. Mutu ambaye motokari yake imegoma anaazima ufunguo kwa yule anayeshindana naye, naye anamupa, tena anashika taa amulike. Mara zingine baba na mutoto wake, ao mume na muke, wanaendesha motokari moja kwa zamu. Wanashindana, halafu wanakula pamoja.

Kabari nyuma ya gurudumu

Tuje sasa kwenye mustari wa kuanzia. Njia inaanza kupanda hapo hapo, motokari inaweza kurudi nyuma. Basi musaidizi mumoja anatia kabari nyuma ya gurudumu, sawa na boi-shofere wetu anavyotia jiwe kamio inaposimama mulimani. Mbele ya motokari wamefunga kibao kilichosimama. Kibao hicho ndicho kinakata mustari wa mwangaza, na saa inaanza kuhesabu, hata sehemu moja ya mia ya sekunde.

Taa inageuka kijani. Lakini angalieni: taa ya kijani haisemi «kimbia sasa». Inasema «njia iko wazi, ukiwa tayari, enda». Saa haianzi mupaka motokari imeondoka. Hakuna haja ya kumuwahi mutu, sababu hakuna mutu pembeni yako. Kila mumoja anapanda peke yake.

Anaondoka. Kona ya kwanza inaitwa Kennel, nyepesi, lakini inadanganya. Kisha Crossing. Kisha zinakuja kona mbili zinazofuatana, ya kushoto halafu ya kulia, kama herufi S. Hapo ndipo kilima kinawapima watu. Ukiingia na haraka mingi katika ile ya kwanza, ya pili inakukuta vibaya, na kando ya njia ni ukingo wa udongo unaokungojea. Ukiingia na woga mwingi, saa inakuhukumu. Baada yake kuna njia iliyonyooka mupaka mwisho. Yote imekwisha kwa sekunde kama makumi ine.

Fanyeni hesabu. Siku ya posho anajaribu mara mbili, siku ya Mungu anahesabiwa mara mbili. Mara ine, sekunde makumi ine. Haifike dakika tatu! Kwa dakika zile tatu amefanya kazi miezi mingi katika garaji, usiku, baada ya kazi. Na walio wengi hawapati hata senti moja.

Kilima hakijui jina la mutu

Wanaopenda Shelsley wanakumbuka habari ya Hans Stuck, shofere wa sifa aliyetoka bara la Ulaya. Mwaka 1930 alikuja na motokari ya Austro-Daimler, akapanda kwa sekunde 42.8, akavunja rekodi ya kilima. Mwaka 1936 akarudi na Auto Union, motokari yenye silinda 16, ya kutisha. Watu walisema leo tutaona maajabu. Mvua ikanyesha. Magurudumu yakacheza juu ya matope na maji, na Stuck akatumia karibu sekunde 49. Nguvu zilikuwa mingi kupita njia yenyewe.

Mbele yake, kati ya 1926 na 1928, rekodi ilikuwa imevunjwa mara kadhaa na Basil Davenport, mutu asiyelipwa kwa kuendesha. Motokari yake aliiita «Spider», maana yake buibui: ndogo, nyepesi, haina uzuri, na moteri yake ilikuwa na silinda 2 tu. Lakini aliijua kama mukono wake.

Hatusemi kwamba hakuna hatari. Katika Ufaransa, kutoka Nice kwenda La Turbie, mashindano ya kupanda mulima yalianza tangu 1897. Mwaka 1900 Wilhelm Bauer, aliyeendesha motokari ya Daimler, alikufa pale kisha kugonga mwamba. Motokari ile ilikuwa imeinuka juu sana, tena fupi. Baada ya kifo hicho ikatengenezwa ingine, ndefu zaidi, pana zaidi na karibu na udongo. Ni Mercedes ya 1901. Motokari tunazoziona leo ni wajukuu wake. Ndivyo ilivyo: karibu kila sheria ya mukaguzi kuna mutu nyuma yake aliyeumia mbele sheria haijaandikwa.

Siku ya Mungu jioni

Turudi kwa fundi wetu wa umeme. Tuseme siku ya posho alitumia sekunde 41 na nusu. Alikasirika, sababu katika kona ya S alichelewa kukanyaga freni, motokari ikateleza. Usiku aliwaza. Siku ya Mungu, mara ya kwanza, 41. Mara ya pili akafunga freni mapema kidogo kuliko roho yake ilivyotaka, akatoka katika kona akiwa amenyooka, na ubao ukaonyesha 40.6. Katika kikundi chake amekuwa wa sita. Hakuna kikombe. Lakini tazama uso wake! Amemushinda yule mutu wa jana, na yule mutu wa jana alikuwa yeye mwenyewe.

Jioni anaondoa kile kibao cha mbele. Anatia kaske ndani ya mufuko. Watoto wanapanda nyuma, mama anafunga mukaba. Wanatoka mulangoni na kuingia barabara ya watu wote. Kidogo tu mbele wanakuta trakta ya mukulima inayovuta majani, polepole. Mutoto anasema, «Baba, umupite! Wewe si ni mwepesi?»

Baba anatazama kona iliyo mbele, haoni kinachokuja. Anabaki nyuma ya trakta. Anamwambia mutoto: «Mbio tumeziacha kule kilimani.»