Kikuzasauti Kamilifu: Chombo Kisicho na Sauti Yake

1. Maana ya chombo

Katika Kiswahili cha kila siku, jina kipaza sauti hubeba mzigo wa vyombo vitatu. Huitwa hivyo maikrofoni anayoishika msemaji. Huitwa hivyo spika inayotoa sauti. Na aghalabu huitwa hivyo hata kisanduku kilichoko baina ya viwili hivyo. Katika mazungumzo ya kawaida matumizi hayo hayana madhara, lakini katika ufafanuzi wa kitaalamu huleta utata. Maikrofoni hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme hafifu, na spika hugeuza umeme wenye nguvu kuwa mtikisiko wa hewa. Kisanduku cha katikati, ambacho katika makala haya kitaitwa kikuzasauti, hupokea umeme hafifu na kutoa umeme mkubwa wenye umbo lile lile.

Maneno "umbo lile lile" ndiyo kiini cha suala zima. Kikuzasauti kamilifu ni kile kinachobadili ukubwa wa wimbi la umeme pasipo kubadili kitu kingine chochote. Chafanana na mkalimani mwaminifu, ambaye haongezi neno wala hapunguzi. Inafaa basi kuchunguza jinsi uaminifu huo unavyopimwa.

2. Vipimo vinne vya uaminifu

Kipimo cha kwanza ni uwiano. Ikiwa volti 1 inayoingia hutoka ikiwa volti 20, basi nusu volti yapaswa kutoka ikiwa volti 10, na sehemu moja ya elfu ya volti itoke ikiwa sehemu 20 za elfu. Uwiano huo huvunjika mahali pawili. Huvunjika juu, pale chombo kinapodaiwa volti nyingi kuliko zile kinazolishwa: kilele cha wimbi hukatwa kama kwa kisu, na sauti huwa kali yenye mikwaruzo. Kila aliyesikia spika za mkutano zilizofunguliwa hadi mwisho aijua sauti hiyo. Huvunjika pia chini, katika vikuzasauti ambavyo transista mbili hupokezana kazi, moja ikikuza nusu ya juu ya wimbi na nyingine nusu ya chini. Makabidhiano yakiwa na pengo, sauti ndogo ndizo zinazoumia zaidi. Katika hali zote mbili huzaliwa sauti mpya ambazo hazikuwamo katika chanzo, na hali hiyo ndiyo iitwayo upotoshaji.

Kipimo cha pili ni masafa. Sikio zima la kijana husikia kuanzia mitetemo 20 kwa sekunde hadi 20,000 hivi, na kikuzasauti hakina budi kuitendea yote kwa usawa. Umuhimu wa jambo hili kwa wanaisimu ni dhahiri. Laini ya simu ya kawaida ilipitisha mitetemo ya kati ya 300 na 3,400 tu kwa sekunde, ilhali sehemu kubwa ya nguvu ya konsonanti s iko juu ya kiwango hicho. Ndiyo maana saa na faa huweza kuchanganywa simuni, ingawa msemaji ametamka sawasawa. Mtafiti anayenakili matamshi kutoka katika kinasa, kwa kutumia kikuzasauti kinachofifisha masafa ya juu, aweza kumbebesha msemaji kosa la mashine.

Kipimo cha tatu ni ukimya. Pasipo sauti inayoingia, pasitoke mvumo wala mchakato. Kila chombo halisi kina kelele kidogo, kwa kuwa chembe za umeme hucheza daima kutokana na joto. Basi ubora hupimwa kwa umbali uliopo kati ya kelele hiyo na sauti inayokuzwa.

Kipimo cha nne ni uthabiti mbele ya mzigo. Volti 20 katika spika yenye ukinzani wa ohm 8 husukuma ampea 2.5, yaani wati 50. Ukinzani ukishuka hadi ohm 4, chombo kamilifu hushikilia volti zile zile 20, hutoa ampea 5, na wati huwa 100. Chombo dhaifu hulegea. Ikumbukwe kwamba ukinzani wa spika hubadilika kufuatana na masafa. Kwa hiyo chombo kinacholegea hubadili pia rangi ya sauti.

3. Uvumbuzi wa mwaka 1927

Vipimo hivyo vingebaki ndoto lau si kazi ya Harold Black, mhandisi wa Bell Labs nchini Marekani. Simu za masafa marefu zilipita katika vikuzasauti vingi vilivyofuatana, na kila kimoja kiliongeza upotoshaji wake. Tarehe 2 Agosti 1927, akivuka mto Hudson kwa kivuko, Black aliandika suluhisho juu ya ukurasa wa gazeti: sehemu ya umeme unaotoka irudishwe mwanzoni, ilinganishwe na ule unaoingia, na tofauti itumike kusahihisha kosa. Njia hiyo yaweza kuitwa mrejesho hasi.

Gharama yake ni ukuzaji wenyewe. Chombo kinachokuza mara 10,000 kikipunguzwa kwa mrejesho hadi mara 20, kimetoa kafara mara 500, na upotoshaji wa asilimia 5 hushuka kwa kadiri hiyo hiyo, hadi karibu asilimia 0.01. Hata hivyo, masahihisho yanayochelewa huweza kuongeza kosa badala ya kulipunguza, na chombo kikaanza kupiga mluzi chenyewe. Mwaka 1947, D.T.N. Williamson alichapisha nchini Uingereza mchoro wa kikuzasauti cha vali chenye wati 15 na upotoshaji usiofikia asilimia 0.1. Tangu hapo ukamilifu ukawa suala la tarakimu.

4. Upotoshaji unaokusudiwa

Huenda msomaji akauliza: mbona kundi la Konono No. 1 la Kinshasa, lililoanzishwa na Mawangu Mingiedi, lilipata sifa ulimwenguni kwa likembe zilizokuzwa kwa vyombo vya kujitengenezea, vyenye mikwaruzo tele? Jibu ni kwamba hapo kikuzasauti kimekuwa sehemu ya ala. Mikwaruzo hiyo ni ya mwanamuziki, kama ukavu wa ngozi ulivyo wa ngoma. Lakini anayeisikiliza nyumbani albamu Congotronics ya mwaka 2004 ahitaji chombo kisichoongeza mikwaruzo ya pili juu ya ile ya kwanza.

5. Hitimisho

Yafuatayo basi yadhihirika: ukamilifu wa kikuzasauti ni wa utumishi. Hausomeki katika wingi wa wati wala katika uzito wa kisanduku, bali katika kulinganisha kinachoingia na kinachotoka. Kwa yeyote anayehifadhi lugha katika kanda au katika kompyuta, ulinganishi huo ni sehemu ya utafiti wenyewe. Maana sauti ya mzee iliyopotoshwa leo, kesho yaweza kuandikwa vitabuni kuwa ndivyo alivyotamka.