Mlango wa Mtihani: Njia ya Shahada kwa Mama Aliyekatiza Masomo



Wapo wanawake wengi miongoni mwetu, kuanzia Shela na Barani hadi Takaungu na Kilifi mjini, waliotoka shuleni kabla ya kumaliza kidato cha nne. Mmoja aliolewa, mwingine alimuuguza mzazi, wa tatu karo ilimkatikia. Leo watoto wamekua, na lile swali lililonyamaziwa miaka mingi limerudi moyoni: je, itanilazimu kukaa darasani miaka minne pamoja na wasichana wa rika la binti yangu, ndipo nifikirie chuo kikuu?

Jibu ni la. Uko mlango wa mtihani, nao si mgeni duniani. Chuo Kikuu cha London kiliwafungulia mitihani yake watu wasiosoma madarasani mwake mwaka 1858, na mwaka 1878 kikawa cha kwanza Uingereza kuwakubalia wanawake shahada. Marekani wanao tangu mwaka 1967 mtihani uitwao CLEP: mtu hujisomea nyumbani, huketi mtihani wa takribani saa moja na nusu, na akifaulu, vyuo vingi humhesabia somo hilo kuwa amekwisha kulisoma. Huku kwetu tunazo ngazi za namna nyingine, na kila ngazi humwokolea mtu muda akiijua mapema.

Ngazi ya kwanza ni KCSE kwa mtahiniwa wa kujitegemea. Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, humruhusu mtu asiye mwanafunzi wa shule yoyote kujisajili. Masomo ni saba kwa uchache, na Kiswahili, Kiingereza na Hisabati ni ya lazima. Alama ya A ina pointi 12 na E ina pointi 1. Jumla ya masomo saba ni pointi 84. Mwenye kufikisha pointi 46 amepata C+, ambayo ndiyo mlango wa shahada. Mwenye C- haachwi nje, kwani hiyo humwingiza katika stashahada.

Sisi kina mama sita tulipoanza kukutana barazani baada ya Isha kujitayarisha, tulijiona tuna mtaji mkubwa. Elimu ya Dini ya Kiislamu ni somo la KCSE, na Kiarabu pia. Ni nani kati yetu asiyepita chuoni kwa mwalimu utotoni? Tukaliweka kando somo la dini, tukasema hilo twalijua. Mwalimu mmoja alipotusahihishia majibu ya kwanza, tuliona haya. Nguzo za udhu tulizijua, lakini mtihani huandikwa kwa Kiingereza, na hutaka hoja zilizopangwa na kuhesabika. Tangu siku hiyo tuliandika kila jibu mara mbili: kwanza kwa Kiswahili ili fikra itulie, kisha kwa Kiingereza. Elimu tulikuwa nayo. Tulichokosa ni njia ya kuitoa kalamuni.

Jambo la pili lilituumiza zaidi. Mwenzetu mmoja alidhani mtihani wa mwisho wa mwaka husajiliwa karibu na mwisho wa mwaka. Alipokwenda kuuliza mwezi wa Julai, usajili ulikuwa umekwisha kufungwa zamani. Alikuwa ameuza mkufu wake kwa ajili ya ada, na mwaka mzima ukampita. Kwa hivyo twakusihi, dada yetu: Januari ikiingia tu, fika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako, uulize kituo cha usajili, ada, na karatasi zinazohitajika. Tena usiahirishe mwaka hadi mwaka. Darasa la mwisho la KCPE lilifanya mtihani mwaka 2023, na wanafunzi wale wanatarajiwa kufunga ukurasa wa 8-4-4 mwaka 2027. Mwenye azma na aianze sasa.

Ngazi ya pili ni ya mikono. Mama aliyeshona nguo au kusuka nywele miaka kumi ana ujuzi, lakini hana karatasi. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutoa mitihani ya ufundi kwa daraja tatu, kutoka ya tatu kupanda hadi ya kwanza. Aidha, mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, chini ya mamlaka ya KNQA. Fundi hupimwa kwa anachokiweza, si kwa miaka aliyokaa shuleni.

Ngazi ya tatu ni ya waliokwisha kupata stashahada. Vyuo vikuu vingi humpokea mwenye stashahada nzuri katika mwaka wa pili wa shahada inayofanana na aliyoisoma. Hapa Kilifi tuna Chuo Kikuu cha Pwani, kilichokuwa zamani taasisi ya kilimo, kikawa chuo kishiriki mwaka 2007, kisha kikapewa hati yake mwaka 2013. Mama aweza kusoma na kurudi nyumbani. Lakini kabla ya kulipa senti moja, omba jibu kwa maandishi: ni masomo mangapi nitahesabiwa, na ni mangapi yatabaki? Ahadi ya mdomo haimvushi mtu mwaka.

Na kuhusu matayarisho, tumejifunza haya. Karatasi za mitihani iliyopita ni mwalimu asiyechoka. Fanya moja kila juma kwa kutazama saa. Saa moja baada ya Alfajiri, nyumba ikiwa kimya, yashinda saa tatu za usiku wenye usingizi. Hisabati usiisome peke yako. Nanyi waume zetu, shikeni watoto jioni mbili kwa juma. Kumsaidia mke kutafuta elimu ni katika wema wa nyumba.

Mwisho, jihadharini na wauzao majibu kwa simu. Wengi ni matapeli, na hata yakiwa ya kweli, ni udanganyifu. KNEC hufuta matokeo ya aliyedanganya, na cheti cha hila hakina baraka katika riziki itokanayo nacho. Neno la kwanza la wahyi lilikuwa amri ya kusoma. Haifai tuitii amri hiyo kwa wizi.

Yule mwenzetu aliyepitwa na mwaka hakukata tamaa. Januari iliyofuata alitangulia kufika ofisini kabla mlango haujafunguliwa. Mkufu hajaununua tena, lakini namba yake ya mtihani ameipata. Twamuombea yeye, na kila mama anayefunua daftari usiku wa leo.

Wabillahi tawfiq.