Laini Moja, Dakika Sitini

Laini ya simu ama inatumika ama imelala. Hali ya tatu haipo. Ili kujua shughuli yake, mpimaji hujumlisha dakika ilizotumika, kisha hugawanya kwa dakika zote za upimaji. Simu 30 za dakika 2 kila moja katika saa moja ni dakika 60, yaani erlang 1. Kipimo hiki kina jina la A. K. Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyeingia kampuni ya simu ya Copenhagen mwaka 1908.

Je, laini moja itatosha simu hizo? La, kwani watu hawapigi simu kwa zamu. Kwa kanuni aliyoichapisha Erlang mwaka 1917, mradi anayekosa laini asirudie kupiga, laini 1 hupoteza wastani wa nusu ya simu. Laini 2 hupoteza 1 katika kila 5. Laini 3, 1 katika kila 16.

Data za kompyuta nazo hupimwa vivyo hivyo. Biti milioni 1 zikipita katika njia ya biti milioni 2 kwa sekunde, njia hushughulika nusu sekunde. Apimaye kwa wastani wa saa nzima hatauona msongamano uliodumu sekunde 10, ingawa watumiaji waliuona.