Mtoto Akichelewa, Mume Naye Apimwe

Mtoto akichelewa nyumbani, macho ya jamaa humwelekea mke. Mama mkwe huuliza kila mwezi, shangazi huleta kombe na dawa za mizizi, na pengine habari za talaka au za mke wa pili huanza kunong'onwa kabla mume hajapimwa hata mara moja. Hiyo ni dhulma, kwani katika takriban nusu ya ndoa zinazokawia kupata mtoto, sababu hupatikana kwa mwanamume, ama peke yake ama pamoja na mkewe.

Tena mume anapopimwa, fikira za watu huishia kwenye viungo vya uzazi, ilhali kasoro huweza kuanzia mbali navyo. Mwili ukishambuliwa na vijidudu au ukijeruhiwa hujihami: mahali pale huwa pekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Huo ni ulinzi aliotujaalia Mola. Lakini ulinzi huo ukidumu miezi na miaka, kemikali zake huzunguka pamoja na damu mwili mzima. Zikizidi, zaweza kupunguza homoni ya kiume na kuzijeruhi mbegu zenyewe, ambazo utando wake una mafuta yaliyo mepesi kuharibika. Mbegu iliyojeruhiwa huogelea kwa udhaifu, na hata urithi inaoubeba huweza kukatika.

Mfano ulio karibu nasi ni fizi. Yuko mtu ambaye kila asubuhi akisafisha kinywa hutema damu, naye amelizoea jambo hilo. Watafiti wameona kuwa wanaume wenye ugonjwa wa fizi mara nyingi huwa na mbegu dhaifu kuliko wenzao. Haijathibitika kuwa fizi ndizo sababu, maana sigara na kisukari huharibu fizi na mbegu kwa pamoja. Hata hivyo kuzitibu hakuna hasara, na sisi umma wa mswaki ndio tuliostahiki kutangulia katika hili! Kitambi nacho kimo: mafuta yanayozunguka matumbo huchochea hali hiyo hiyo polepole, bila maumivu.

Homa ina hukumu yake. Korodani huhitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, na mbegu huchukua takriban siku 74 kutengenezwa. Kwa hiyo aliyeugua malaria au homa ya dengi, kisha akapimwa mwezi unaofuata, huenda akaambiwa mbegu zake ni chache, na nyumba ikaingia msiba bure. Amweleze daktari habari ya homa hiyo, na kipimo kirudiwe baada ya miezi mitatu.

Mama zangu na dada zangu, mwaka mmoja ukipita bila mimba, nendeni hospitali wawili. Na mke akiwa amefikisha miaka 35, miezi sita yatosha kungoja. Mume ataje maradhi yote aliyo nayo na dawa zote anazotumia, hata za viungo au za tumbo, wala asiziache kwa rai yake. Na ajihadhari na sindano za homoni ya kiume zinazouzwa kwa jina la kuongeza nguvu, kwani hizo huuzuia mwili kutengeneza mbegu.