Anapomkaba Koo

Muuguzi humpa mwanamke kalenda ya mwaka uliopita na kumwomba aweke alama kila siku aliyopigwa na mwenzi wake. Kando ya siku huandikwa namba: 1 kwa kofi au kusukumwa, 3 kwa kipigo cha kuvunja mifupa, 5 kwa jeraha la silaha. Wako waliokwisha kusema kipigo hakijazidi, lakini wakiitazama kalenda yao iliyojaa hubadili jibu.

Kipimo hicho kilibuniwa miaka ya 1980 na muuguzi wa Marekani, Jacquelyn Campbell. Kalenda ikijaa, hufuata maswali 20 ya ndiyo au hapana. Ana bunduki? Ana wivu wa kupindukia? Umewahi kumwacha? Amewahi kukukaba koo?

Hilo la koo hupuuzwa mara nyingi, na halipaswi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake ana uwezekano wa kuuawa naye zaidi ya mara 7 kuliko aliyepigwa bila kukabwa. Tatizo ni kwamba mkono shingoni mara nyingi hauachi alama. Huko San Diego, Marekani, waendesha mashtaka walipopitia kesi 300 za namna hiyo, takriban nusu hazikuwa na jeraha la kuonekana kwa macho. Sauti ikikwaruza, maji yakimezwa kwa shida, macho yakivilia damu, mwanamke apelekwe hospitali hata kama shingo ni safi.

Majirani huuliza kwa nini haondoki. Mwaka 2003 Campbell na wenzake walilinganisha, katika miji 11 ya Marekani, wanawake waliouawa na waliopigwa wakabaki hai. Bunduki ilizidisha hatari zaidi ya mara 5, na kumwacha mwanamume anayetaka kutawala kila kitu kuliiongeza pia mara kadhaa. Anayesitasita mlangoni huenda anamjua mumewe kuliko washauri wake. Lakini kusema “hawezi kuniua” si kinga: karibu nusu ya waliouawa au kuponea chupuchupu hawakuijua hatari yao.

Alama nyingi kwenye kipimo cha Campbell hazitabiri kifo; zinaonyesha nani asaidiwe kwanza. Katika jimbo la Maryland, Marekani, tangu mwaka 2005, polisi wanaoitwa kwenye ugomvi wa nyumbani huuliza maswali 11. Majibu yakitisha, askari humpigia simu mshauri palepale na kumwomba mwanamke azungumze naye, wapange atalala wapi usiku huo.